Jinsi ya Kudhamini Mkutano wa Wasanidi Programu: Mwongozo kwa Kampuni Ndogo, kwa Mifano ya Tanga

Waraka wa kuomba udhamini hufanana popote ulikotoka: kurasa kadhaa za rangi, picha za vijana waliokaa mbele ya kompyuta mpakato, na jedwali la madaraja ya dhahabu, fedha na shaba ambalo alama zake za vema huongezeka kadiri bei inavyopanda. Kampuni ndogo inayoupokea kwa mara ya kwanza hulisoma jedwali hilo kama orodha ya bei za dukani, ikachagua daraja linalolingana na mfuko wake, ikatuma nembo na kusubiri matunda. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kampuni ya namna hiyo, na hoja yake ni moja: fedha za udhamini hununua nafasi ya kuzungumza na wasanidi programu na ya kuwaondolea kikwazo fulani, na kampuni isiyojua inataka kuzungumza nao kuhusu nini haina sababu ya kulipa hata daraja la shaba.

Ninaandika nikiwa Tanga, katika kampuni inayotengeneza programu za mawakala wa forodha na wenye maghala, kwa hiyo mifano mingi ni ya hapa. Msomaji wa Mwanza au Mtwara atabadilisha majina ya barabara na kuyaacha mengine yalivyo.

Amua kwanza unachokitafuta

Mkutano wa wasanidi programu haufanani na Maonesho ya Sabasaba. Anayekwenda Sabasaba anakwenda kutazama bidhaa na pengine kununua. Anayekuja kwenye mkutano wa wasanidi amebeba kompyuta yake, tatizo alilolikimbia kazini, na hamu ya kujua wenzake walilitatuaje. Wachache mno kati ya wahudhuriaji wana mamlaka ya kununua mfumo wako, na hao wachache hawataununua wakiwa wamesimama mbele ya banda na kikombe cha chai mkononi. Kampuni inayodhamini kwa matumaini ya mauzo ya wiki ileile ingefanya vizuri zaidi kuzitumia fedha hizo kumlipia nauli afisa mauzo awatembelee wateja mmoja mmoja.

Sababu zinazosimama ninaziona tatu. Ya kwanza ni ajira, na kwa kampuni iliyo nje ya Dar es Salaam hii ndiyo nzito kuliko zote. Vijana wa Tanga wanaosomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Dodoma mara nyingi hubaki hukohuko, kwa sababu hawajawahi kusikia kwamba kuna kazi ya kuandika programu karibu na bandari ya nyumbani kwao. Tangazo la kazi haliondoi dhana hiyo. Mazungumzo ya nusu saa na msanidi anayeishi Chumbageni, hapa Tanga, na kulipa kodi ya nyumba nafuu kuliko ya Sinza, Dar es Salaam, yanaweza kuiondoa. Ya pili ni pale ambapo wasanidi wenyewe ndio watumiaji wako, kwa mfano unapouza huduma ya malipo au ya ujumbe mfupi ambayo wengine wanaiunganisha kwenye mifumo yao. Hapo kila msanidi aliyeijaribu na kuielewa atakuja kuipendekeza ofisini kwake. Ya tatu ni kulipa fadhila. Django, zana ya kujengea tovuti na mifumo ya mtandaoni, ilianzia katika chumba cha habari cha gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na hadi leo haimilikiwi na kampuni yoyote. Mfumo wa ghala unaosimama juu ya vitu hivyo viwili haujalipiwa hata shilingi moja ya leseni, na kudhamini mkutano wa watu wanaovitunza na kuvifundisha ni njia mojawapo ya kurudisha kitu.

Chagua sababu moja iwe kuu, kisha iandike kwa sentensi inayoweza kupimwa: “Tunataka kuwapata wasanidi wawili watakaoanza kazi kabla ya Julai,” au “Tunataka wasanidi ishirini waijaribu huduma yetu ya malipo wakiwa hapohapo na kutuambia wapi wamekwama.” Sentensi hiyo ndiyo itakayoamua ni nani atumwe, nini kiwekwe mezani, na kipi katika jedwali la madaraja ukiache bila kujuta.

Mchunguze mwandaaji

Mikutano mingi ya aina hii huandaliwa na watu wa kujitolea wenye kazi zao nyingine mchana. Hilo si kasoro. Mikutano mizuri niliyoijua iliandaliwa hivyo. Hata hivyo, kujitolea hakumwondolei mtu wajibu wa kutunza fedha za wengine. Uliza kama kuna chama au kampuni iliyosajiliwa, na kama akaunti ya benki ina jina la chama hicho. Ukiombwa kutuma milioni kadhaa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, simama hapo hadi upewe utaratibu mwingine, hata kama mtu huyo ni mwaminifu na unamfahamu tangu shuleni.

Uliza pia kuhusu mkutano uliopita: waliojiandikisha walikuwa wangapi, na waliofika wangapi. Namba hizi mbili hazilingani, na tofauti huwa kubwa zaidi pale ambapo kuingia ni bure, kwa sababu kujaza fomu hakumgharimu mtu chochote. Mkutano wenye tiketi ya elfu kumi tu huleta watu wachache kwenye orodha na wengi zaidi ukumbini. Mwandaaji anayekupa namba ya waliofika bila kusitasita, pamoja na hesabu ya matumizi, ameshajibu nusu ya maswali yako. Asiye na mkutano uliopita asihukumiwe kwa hilo. Mwombe bajeti, ratiba ya rasimu, na majina ya wazungumzaji waliokwisha kukubali.

Mkutano wenyewe si lazima uwe mjini kwako. DjangoCon Africa, mkutano wa Afrika wa wasanidi wanaotumia Django, ilifanyika Zanzibar mwaka 2023, na mwaka 2025 ikawa Arusha. Kwa kampuni ya Tanga, ya kwanza iko ng'ambo ya bahari na ya pili iko mwisho wa barabara ya Segera, Korogwe na Moshi. Kusafirisha watu wawili kwenda Arusha kunaweza kuleta faida kuliko kuweka bango kubwa nyumbani, ikiwa wasanidi unaowatafuta ndio watakaokuwa huko.

Jambo la mwisho katika uchunguzi huu ni kanuni za maadili za mkutano. Zisome, ujue malalamiko ya unyanyasaji hupelekwa kwa nani, na uhakikishe kuwa zinamhusu mdhamini pia. Wafanyakazi wako watakuwa wamevaa jina la kampuni kifuani.

Livunje jedwali la madaraja

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo kampuni nyingi hupita haraka. Jedwali la madaraja ni pendekezo. Mwandaaji amelitunga ili apate mahali pa kuanzia, na mara nyingi atafurahi kuambiwa: “Hatuhitaji bango jukwaani wala ukurasa katika kitabu cha ratiba, fedha zilezile tunataka zilipie kitu hiki.” Kazi yako ni kujua kitu hicho ni kipi, na njia ya kukijua ni kujiuliza mhudhuriaji atakwama wapi.

Kikwazo cha kwanza ni kufika. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kilomita zipatazo 350 kwa barabara ya Chalinze na Segera, na mwanafunzi wa Dodoma ana safari ndefu zaidi ya hiyo. Nauli, chakula cha njiani na malazi ya siku mbili ni fedha ambazo mwanafunzi hana na ambazo mwajiri wake, kama anaye, hatazitoa. Kampuni inayolipia basi moja la kuwachukua wahudhuriaji kutoka Dar es Salaam asubuhi ya siku ya kutangulia imenunua kitu ambacho hakimo kwenye daraja lolote: saa tano au sita za kukaa na watu hamsini wanaopenda kazi uliyo nayo. Weka wasanidi wako wawili ndani ya basi hilo. Wasihutubie. Wakae viti tofauti, na ifikapo Segera watakuwa wameshajua nani anaandika nini. Kwa kampuni inayotafuta watu wa kuajiri, ningeweka fedha hapa kabla ya mahali pengine popote.

Kikwazo cha pili ni intaneti. Ukumbi ukichukua watu 150, na kila mmoja akawa na simu janja na kompyuta mpakato, vifaa ni 300, na kisanduku kimoja cha Wi-Fi cha aina inayotumika nyumbani hakiwezi kuhudumia vifaa hivyo hata kama mkongo unaoingia ukumbini una kasi ya kutosha. Neno la meneja wa ukumbi kwamba “Wi-Fi ipo” ni la kweli na halisaidii. Mdhamini wa intaneti anapaswa kulipia vituo kadhaa vya Wi-Fi vilivyotawanywa ukumbini, laini mbili kutoka kwa kampuni mbili tofauti za simu ili moja ikianguka nyingine ibaki, na waya wa moja kwa moja kwa ajili ya mzungumzaji ili maonesho yake yasishindane na watu wanaopakua programu. Warsha zihitajipo vifurushi vikubwa, mwombe mwalimu avitoe siku mbili kabla, viwekwe kwenye kompyuta moja ya hapohapo ukumbini na kila mtu avichukue kutoka humo bila kugusa intaneti. Intaneti iliyofanya kazi siku nzima hukumbukwa, na jina la mtandao wa Wi-Fi, linaloonekana kwenye kila simu, linaweza kuwa jina la kampuni yako. Hilo ni tangazo bora kuliko bango.

Umeme hufuata. Uliza kama jenereta ipo, inawaka baada ya muda gani, inahudumia ukumbi wote au taa peke yake, na mafuta yake yanalipwa na nani. Waya za ekstensheni zenye soketi za kutosha ni kitu kidogo ambacho kila mkutano husahau. Kila msanidi hufika akiwa na chaja, na ifikapo saa nane mchana mazungumzo mengi hufanyika sakafuni karibu na ukuta wenye soketi.

Chakula ni udhamini unaoonekana rahisi, nao ni rahisi ukiheshimu mahali ulipo. Chai ya saa nne yenye maandazi, sambusa na maziwa ya kutosha huwakusanya watu wote sehemu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiidhamini, banda lako liwe karibu na meza ya chai. Kwa Tanga chakula kiwe halali bila kuulizwa. Mkutano ukiangukia Ijumaa, ratiba iache nafasi ya kutosha kwa swala ya Ijumaa, na mada ya mdhamini isipangwe ndani ya nafasi hiyo, la sivyo utazungumza na viti. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwandaaji anayepanga tarehe mwaka mzima kabla anapaswa kuikagua, na masika ya Machi hadi Mei pia, hasa kama mkutano una sehemu ya nje. Katika haya yote mdhamini ana sauti, mradi aitumie kabla tarehe haijatangazwa.

Kuna pia tiketi. Badala ya kununua tiketi kumi kwa ajili ya wafanyakazi wako, nunua tano na ulipie nyingine kwa wanafunzi au kwa wasichana wanaoanza kujifunza, ukimwachia mwandaaji awachague. Usidai kuwachagua wewe. Ukidai hivyo, msaada unageuka kuwa usaili wa siri.

Fedha, kodi na mkataba

Kanuni yangu ni kwamba bei ya daraja ni nusu ya gharama. Ukilipa milioni tatu kwa mwandaaji, tenga nyingine zipatazo milioni tatu kwa malazi, posho, usafiri, vitu vya bandani, na siku za kazi ambazo wasanidi wako hawatakuwa wakiandika programu. Kampuni isiyo na nusu ya pili ishuke daraja.

Mhasibu aitwe kabla ya ahadi. Gharama hukubalika katika hesabu za kodi ya mapato ikiwa imetumika kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara, na uthibitisho wake ni nyaraka: mkataba, ankara, na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Chama cha kujitolea mara nyingi hakina mashine ya EFD, na hapa ndipo kulivunja jedwali kunakosaidia kwa mara ya pili, kwa sababu ukikubaliana na mwandaaji kwamba utalipia basi au ukumbi moja kwa moja kwa mwenye basi au mwenye ukumbi, unapata risiti halali kutoka kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, na mwandaaji anapunguziwa kazi ya kuzunguka na fedha. Ikiwa mwandaaji amesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), bei ya waraka isomwe kwa makini kama imejumuisha asilimia 18 au la. Mhasibu aamue mapema pia kama malipo haya yanaingia katika kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kabla ya kulipa, na ambayo kwa huduma za kitaalamu zinazotolewa na mkazi ni asilimia 5, kwa sababu mwandaaji aliyeahidiwa milioni tatu kisha akapokea pungufu ataona amedhulumiwa, hata kama hati ya zuio imeambatishwa.

Mkataba usiwe mrefu. Utaje kiasi, tarehe za malipo, kila kitu unachopewa na lini utapewa, nini kitatokea mkutano ukiahirishwa au kufutwa, na kama mshindani wako anaweza kudhamini pia. Katika hili la mwisho ushauri wangu ni kutodai upekee. Mkutano wenye mwajiri mmoja tu huwavutia watafuta kazi wachache. Lipa kwa awamu mbili, ya kwanza ya kutosha kumsaidia mwandaaji kulipa kianzio cha ukumbi.

Usiombe orodha ya wahudhuriaji. Kampuni nyingi huiomba kana kwamba ni haki ya daraja la dhahabu, na waandaaji wengine bado huitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mtu anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kukusanya kwa lengo linalojulikana, na kutozitumia kwa jambo jingine. Mhudhuriaji aliyejaza fomu ili apate kiti hakukubali kupigiwa simu na wewe. Kusanya mwenyewe, bandani, kutoka kwa anayetaka, kwa fomu fupi yenye sentensi kama hii juu ya mahali pa kutia saini:

“Ninakubali kampuni ihifadhi jina langu na namba yangu ya simu kwa ajili ya kunitaarifu nafasi za kazi na za mafunzo kwa vitendo hadi tarehe 31 Desemba mwaka huu, na ninaweza kuomba vifutwe wakati wowote.”

Utapata majina machache kuliko orodha ya mwandaaji. Hao wachache watapokea simu.

Banda na watu wake

Wapeleke wasanidi. Afisa mauzo anaweza kuwepo kwa ajili ya vifaa na ratiba, lakini swali la kwanza la mhudhuriaji litakuwa mnatumia hifadhidata gani, na la pili litakuwa kwa nini, na jibu la “nitakuunganisha na watu wa ufundi” humwondoa mtu pale mezani. Mkuu wa idara peke yake hatoshi pia. Mwanafunzi anayeanza na “shikamoo” na kusimama wima hatauliza mshahara wa kuanzia ni kiasi gani. Atamuuliza kijana aliyemzidi miaka miwili, aliyekuja fildi kwenu kisha akabakizwa. Mpange huyo kijana awepo saa zote za mapumziko, na mkuu awe jirani kwa wanaomhitaji.

Mezani weka tatizo halisi la kazi yenu, dogo la kutosha kuingia nusu ukurasa. Mfano tulioutumia sisi ni wa saa. Karani wa ghala anaandika daftarini kwamba lori limeingia saa 2 usiku na kutoka saa 8 usiku. Kompyuta inataka 20:00 na 02:00, na hiyo 02:00 ni ya tarehe inayofuata. Programu isiyolijua hilo itahesabu kwamba lori limekaa ghalani kwa saa 18 chini ya sifuri, na ankara ya mteja itatoka na deni la kinyume. Kuongeza sita kwenye saa ya karani kunatatua asubuhi yote. Ugumu unaanza usiku: saa 6 usiku ni 00:00, lakini iandikwe chini ya tarehe ipi? Saa 11 alfajiri na saa 11 jioni zina tarakimu moja na zimeachana kwa nusu siku, na karani mwenye haraka ameandika “saa 11” tu. Kisha kuna mzee wa stoo anayesema “usiku wa Ijumaa” akihesabu siku kuanzia magharibi, yaani usiku ambao kalenda ya kompyuta bado inauita Alhamisi. Tuliwaomba wahudhuriaji waandike fomula, kwa lugha yoyote ya programu wanayoipenda, inayopokea maneno ya karani na kurudisha tarehe na saa.

Tatizo la namna hiyo linafanya kazi tatu bila hotuba. Linamwonesha mhudhuriaji kwamba mnafanya kazi yenye ugumu wa kuvutia, linawakusanya watu wanne watano mbele ya meza wakibishana, na linakuonesha nani ni nani. Anayeandika mistari kumi haraka na kuondoka ana uwezo, anayesimama kwanza na kuuliza, “Karani huandika wakati lori linapoingia au mwisho wa zamu?” ndiye wa kumwomba namba ya simu. Tatizo lenu lisiwe la mafumbo ya kitabuni, kwa sababu majibu yake yako kwenye intaneti na hayasemi chochote kuhusu kazi.

Zawadi zisikuchukulie muda mrefu. Stika nzuri ni nafuu na hudumu miaka kwenye mgongo wa kompyuta. Fulana zichapwe kwa vipimo vya kike na vya kiume, na nembo iwe ndogo kiasi kwamba mtu atakubali kuivaa sokoni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na Tanga ikiwa mji wa mkonge, kikapu kidogo cha mkonge kutoka kwa mafundi wa hapa kitamfurahisha mgeni wa mbali kuliko kalamu. Kanga yenye ujumbe wa kampuni ni wazo linalovutia kila mtu kwenye kikao, hadi mtakapoulizia kiwandani kiwango cha chini cha oda.

Mada ya mdhamini

Madaraja ya juu huja na dakika ishirini za jukwaa. Zitumie kueleza tatizo moja la kiufundi na jinsi mlivyolikabili, na jina la bidhaa litajwe mara moja. Kwa kampuni ya ukanda huu mada haziadimiki: jinsi ya kuandika programu inayohifadhi kazi kwenye simu mtandao unapokatika na kuilinganisha na seva ukirudi, au nini cha kufanya pale watu wawili walipobadilisha rekodi ileile wakiwa wote nje ya mtandao. Onesha msimbo, yaani mistari ya programu yenyewe, kwenye skrini, kwa herufi kubwa. Zungumza Kiswahili ikiwa ukumbi ni wa Kiswahili. Msimbo utabaki kwa Kiingereza na hakuna atakayeshangaa. Kama hamna mzungumzaji anayeweza kusimama bila kuuza, mwachieni mwandaaji dakika hizo azigeuze mada fupi za dakika tano tano za wahudhuriaji wenyewe, kisha msikilize. Mtaona watu wengi zaidi wenye uwezo kwa njia hiyo.

Baada ya mkutano

Wote walioachia namba wapate ujumbe ndani ya wiki moja, kutoka kwa mtu waliyezungumza naye, wenye kutaja walichozungumza. Aliyeahidiwa usaili apewe tarehe. Asiyefaa kwa sasa aambiwe hivyo kwa heshima. Mji wa wasanidi ni mdogo, na kampuni inayokaa kimya husemwa kwenye makundi ya WhatsApp ambayo haimo.

Kila aliyekuwa bandani aandike ukurasa mmoja siku ya kurudi kazini: maswali yaliyoulizwa mara nyingi, zana ambazo wengine wanazitumia na ninyi hamzijui, malalamiko kuhusu bidhaa yenu. Ukurasa huu huleta manufaa ambayo sentensi yenu ya mwanzo haikuyataja, na ndio unaopotea haraka zaidi usipoandikwa. Kisha irudieni ile sentensi. Ajira huchelewa, kwa hiyo kipimo cha haki kichukuliwe baada ya miezi sita, kwa kuhesabu waliofika usaili, walioajiriwa, na waliokuja fildi. Idadi ya watu waliopita mbele ya banda haifai kuhesabiwa.

Mwombe mwandaaji hesabu ya matumizi, na umpe maoni yako kwa maandishi, pamoja na yale yasiyopendeza. Ikiwa mnataka kurudi, semeni mapema kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa, kwa sababu mdhamini anayejitokeza kwanza ndiye anayesikilizwa kuhusu tarehe, ukumbi na ratiba. Ikiwa fedha hazitatosha, pendekezeni kulipia ukumbi wa mikutano midogo ya jioni ya wasanidi wa Tanga, inayofanyika kila mwezi au kila robo mwaka, ambayo kwa bei ya daraja moja la fedha yaweza kuendeshwa kwa muda mrefu. Na kama jibu ni hapana, liandikeni na kulituma mara moja, mwandaaji apate kumtafuta mdhamini mwingine kabla hajalipa kianzio cha ukumbi.